DAWA ILIYO MATOPENI
Ziwa la chumvi la Techirghiol na haki ya mfanyakazi ya kupumzika na kutibiwa

Mfanyakazi huishi kwa viungo vyake. Pamoja na mitambo yote iliyobuniwa ulimwenguni, bado uko mgongo unaobeba gunia bandarini, liko goti analolipiga chini siku nzima fundi wa kusakafia nyumba, na viko vidole vinavyosukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani tangu asubuhi mpaka magharibi. Viungo hivyo vikianza kuuma, mwenyewe husema ni uzee, jirani husema ni baridi, na msimamizi asiye na huruma husema ni uvivu. Sisi twasema kwamba mara nyingi ni deni. Kazi imekopa mwilini mwa mtu miaka ishirini au thelathini, na sasa mwili unadai.

Nani alilipe deni hilo, na alilipe kwa njia gani? Leo tunapenda kulitazama swali hili kwa kuwaeleza wasomaji wetu habari za ziwa moja la chumvi lililoko Romania, kando ya Bahari Nyeusi. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wenye baridi yabisi wamekuwa wakienda huko kujipaka matope meusi, kuoga maji ya chumvi na kuota jua. Tumelichagua ziwa hili kwa sababu habari zake zinaonyesha wazi jambo ambalo husahauliwa kila inapotajwa tiba ya asili: kwamba maumbile peke yake hayamtibu mtu. Hutibu pale ambapo watu wanafanya kazi, elimu inasimamia, na mlango uko wazi kwa yule anayeumwa, si kwa mwenye fedha tu.

ZIWA LA MZEE KIPOFU

Ziwa hilo huitwa Techirghiol. Liko katika jimbo la Dobrogea, kusini ya mji wa bandari wa Constanța, na ukubwa wake ni takriban kilometa za mraba 11. Kati yake na bahari pana ukanda mwembamba tu wa nchi kavu, na hapo ndipo ulipojengwa mji wa mapumziko wa Eforie. Mtu huweza kuoga baharini asubuhi na ziwani jioni bila ya kupanda gari.

Lakini maji hayo mawili si ndugu. Maji ya Bahari Nyeusi katika pwani ile yana chumvi ya gramu zipatazo 17 katika kila lita, yaani karibu nusu ya chumvi iliyomo katika bahari kuu. Maji ya Techirghiol yalipopimwa mwanzoni mwa karne ya 20 yalikutwa na zaidi ya gramu 70. Sababu yake si ya ajabu. Dobrogea ni nchi ya mvua chache, na hakuna mto mkubwa unaoingia ziwani. Jua la kiangazi na upepo huyachukua maji, na chumvi hubaki. Ndivyo chungu kinavyokauka jikoni, isipokuwa chungu hiki kimewekwa motoni kwa karne nyingi.

Jimbo la Dobrogea lilikuwa chini ya utawala wa Waturuki mpaka mwaka 1878, na hata leo wamo humo wananchi wa asili ya Kituruki na Kitatari. Katika Kituruki neno göl maana yake ni ziwa. Wenyeji husimulia kwamba zamani palikuwa na mzee aliyeitwa Tekir, kipofu na mwenye miguu iliyopooza, aliyekuwa akisafiri juu ya punda wake dhaifu. Punda akapotea njia, akaingia kwenye matope ya ziwa, wakakwama wote wawili. Walipotoka, vidonda vya punda vikaanza kupona. Na mzee, baada ya kurudi matopeni siku kadha wa kadha, akaona nuru na akatembea kwa miguu yake. Ziwa likaitwa ziwa la Tekir.

Hadithi ni hadithi, wala hatumwambii mtu kwamba matope hurudisha macho. Hata hivyo imo ndani yake kweli moja ambayo hatupendi ipite. Wakazi wa mahali pale hawakumweka mfalme katika hadithi yao, wala tajiri. Walimweka mzee fukara na punda wake. Katika kumbukumbu ya watu, dawa hii ilikuwa ya wanyonge kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote.

MATOPE YALIVYO

Watu wengi wakisikia matope hudhani ni udongo na maji tu. Matope ya Techirghiol ni kitu kingine kabisa, maana kwa sehemu kubwa yalikuwa viumbe hai. Maji yale ni makali mno kwa samaki wengi, lakini yapo mambo mawili yanayoyapenda. La kwanza ni mwani wa nyuzinyuzi za kijani uitwao kladofora. La pili ni mdudu wa majini wa jamii ya uduvi, aitwaye artemia, ambaye urefu wake haupiti sana sentimeta moja. Wakati wa joto hustawi kwa wingi. Kisha hufa, huzama, na kulala chini.

Huko chini hakuna hewa. Bakteria wasiohitaji hewa huyashughulikia mabaki hayo na chumvi zilizomo majini, wakatoa gesi ya kiberiti. Gesi hiyo hukutana na chuma kilichomo katika udongo, na hapo hupatikana ule weusi unaong'aa kama lami na ile harufu ya mayai viza ambayo mgeni huikunjia uso siku ya kwanza na kuizoea siku ya tatu. Matope hayo ni laini, mazito, huteleza mkononi kama mafuta, na hushika joto kwa muda mrefu kuliko maji. Yakianikwa hewani weusi hupotea, yakawa ya kijivu. Tabaka lake halijengeki kwa msimu mmoja. Ni akiba ya vizazi vingi vya mwani na uduvi.

Hapa yafaa msomaji akumbuke jambo moja litakalomsaidia mbele: bila ya chumvi ya kadiri yake hakuna uduvi wala mwani wa namna ile, na bila ya hao hakuna matope.

JINSI WATU WANAVYOTIBIWA

Wakati wa kiangazi tiba hufanyika nje, ufukweni. Njia maarufu huko huitwa njia ya Kimisri. Mgonjwa huvua nguo mahali pa faragha, hujipaka matope ya baridi mwili mzima, kisha husimama juani mikono akiitanua, mpaka matope yakauke na kuanza kupasuka juu ya ngozi. Huchukua kama nusu saa, zaidi au pungufu kwa kutegemea ukali wa jua. Halafu huingia ziwani kujiosha, akaogelea au kuelea kidogo, na mwisho hujimwagia maji safi. Baridi ya matope huibana mishipa midogo ya damu, joto la jua huitanua, na mwili wote husisimka.

Tiba ya ndani huendelea hata wakati wa baridi, katika hospitali ya tiba na mazoezi ya viungo iliyoko Techirghiol, ambayo ni ya serikali. Huko matope hupashwa moto mpaka kufikia kama nyuzi 40, hupakwa mahali panapouma au mwili karibu wote, na mgonjwa hufunikwa kwa shuka na blanketi kwa muda wa dakika zipatazo 20. Wengine hulazwa katika mabeseni ya maji ya ziwa yaliyopashwa moto. Baada ya hapo huja kuchuliwa, mazoezi ya viungo majini na nchi kavu, kisha kupumzika. Safari moja ya tiba kwa kawaida ni wiki mbili mpaka tatu, kila siku na zamu yake.

Lakini hakuna anayeanza kabla ya kuonana na daktari. Daktari hupima moyo na shinikizo la damu, huuliza magonjwa ya nyuma, na wapo anaowakatalia: mwenye homa, mwenye kiungo kilichovimba na kuwaka moto wakati ule, mwenye moyo ulioshindwa kazi, mwenye kifua kikuu kinachoendelea, mwenye saratani, na mama mjamzito. Joto linalomstarehesha mtu mwenye goti bovu laweza kumuua mwenye moyo mbovu.

Tena tusisahau mikono iliyo nyuma ya tiba hii. Kuna mtu anayeyachota matope, mtu anayeyachukua, mtu anayeyapasha moto na kuupima moto huo, mtu anayempaka mgonjwa na mtu anayemwosha. Kuna wakandaji wanaosimama tangu asubuhi wakiinama juu ya migongo ya wengine, na migongo yao wenyewe wakaiuguza jioni. Wanaoyauza mapumziko hayo hupenda kusema kwamba maumbile yametoa dawa bure. Sisi tunasema maumbile yametoa matope. Yanayoyafanya kuwa dawa ni jasho la watumishi hawa na elimu ya madaktari wao.

KWELI NA PUMBA

Basi, matope hayo yanaponya nini? Ni wajibu wa gazeti kusema kweli, maana mgonjwa mwenye maumivu ni mtu mwepesi wa kudanganywa.

Maji ya chumvi humbeba mtu. Goti linalolemewa na mwili mzima juu ya nchi kavu hupata nafuu majini, na mtu asiyeweza kuchuchumaa nyumbani huweza kuikunja na kuinyosha miguu yake akiwa anaelea. Joto hulegeza misuli iliyokaza na kuongeza mwendo wa damu. Mazoezi hurudisha nguvu. Wataalamu waliowafuatilia wagonjwa wa magoti yaliyolika wameona kwamba matope ya moto na maji ya chumvi huwapunguzia wengi maumivu na kuwafanya watembee vizuri zaidi, kwa wiki kadha na pengine miezi. Hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye kupanda ngazi kumekuwa adhabu.

Lakini wataalamu hao hao wanatuonya. Uchunguzi mwingi umefanywa kwa wagonjwa wachache. Tena ni vigumu kuipima tiba hii kama vidonge vinavyopimwa, maana mtu aliyepakwa matope hawezi kufichwa kwamba amepakwa, na tumaini lenyewe hutuliza maumivu. Bado kuna ubishi kama dawa zilizomo matopeni hupenya ngozini kwa kiasi cha kuleta tofauti, ama kazi yote hufanywa na joto, maji, mazoezi na mapumziko. Jambo moja halina ubishi: gegedu lililolika haliroti tena kwa matope. Na ile baridi yabisi ambayo mwili hujishambulia wenyewe hutaka dawa za hospitali. Mwenye ugonjwa huo akizitupa dawa zake kwa sababu ameoga ziwani, vidole vyake vitapinda.

Wako pia wenye ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi. Hao hupata nafuu kwa jua na chumvi pamoja, ngozi ikasafika kwa muda, kisha ugonjwa hurudi. Kwa hiyo yeyote atakayekuja na kopo la matope meusi akakuambia kwamba linaponya kisukari, saratani au ukimwi, huyo si tabibu. Ni mchuuzi, na bidhaa yake ni hofu yako.

NANI ALIYEPITA MLANGONI

Nyumba za kwanza za kuogea kando ya ziwa zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19. Jina la mji wa Eforie lenyewe linatokana na bodi iliyokuwa ikiendesha hospitali za raia mjini Bukarest, ambayo ilijenga hapo mahali pa kuwatibia wagonjwa wake. Yaani mwanzo wa mji huo ni hospitali. Muda si muda ziwa likawa la fahari. Wakaja waungwana na familia zao, yakainuka majumba ya starehe, na sehemu ya kusini ikapewa jina la Carmen Sylva, jina ambalo malkia Elisabeth wa Romania alilitumia katika vitabu alivyotunga. Mchimba makaa ya mawe wa Bonde la Jiu, ambaye magoti yake yaliharibika chini ya ardhi, hakuwa na njia ya kufika hapo.

Mwaka 1948 serikali mpya ya Romania ilitaifisha viwanda, migodi na benki, na mahoteli na nyumba za tiba nazo zikaingia mikononi mwa umma. Vyama vya wafanyakazi vikapewa kazi ya kugawa tiketi za mapumziko na tiketi za tiba. Mfanyakazi alilipa sehemu tu ya gharama. Magari ya moshi yakawaleta pwani watu wa viwandani na migodini ambao wazee wao hawakupata kuiona bahari. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na anayelidharau hajawahi kuumwa mgongo bila fedha ya daktari.

Lakini kweli haikatwi nusu. Utawala huo, ulioanguka mwezi Desemba 1989, haukuwapa wananchi wote haki sawa kama ulivyohubiri. Pwani hiyo hiyo, mahali paitwapo Neptun, wakubwa walikuwa na nyumba zao za kupumzikia, na Nicolae Ceaușescu alikuwa na jumba lake. Tiketi ya mfanyakazi ilikuwa haki. Lakini haki hiyo ilisimama karibu na ukuta ambao yeye hakuruhusiwa kuuvuka. Funzo tunalolipata si kwamba haki ile ilikuwa mbaya. Funzo ni kwamba haki ya mapumziko na tiba yahitaji kulindwa hata dhidi ya wale wanaoitangaza kwa sauti kubwa.

Baada ya mwaka 1989 mahoteli mengi yaliuzwa kwa watu binafsi, na bei zikaenda na soko. Hata hivyo kitu kimoja hakikuuzwa. Mfuko wa pensheni wa taifa hutoa tiketi za tiba kwa wastaafu na watu waliochangia bima ya jamii. Mstaafu hulipa sehemu kwa kadiri ya pensheni yake, na mfuko hulipa iliyobaki. Tiketi hugawiwa kwa masharti na kwa zamu, maana wanaozitaka ni wengi. Bibi aliyefuma vitambaa kiwandani miaka thelathini bado anaweza kupata siku zake za matope na maji ya moto, akiwa si mgeni wa hisani bali mtu anayechukua alichokichangia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya sadaka na haki.

Wala tusidhani kwamba mapumziko ni anasa iliyobandikwa juu ya tiba. Mwaka 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa likizo yenye malipo, na mwaka 1948 Umoja wa Mataifa, katika Tangazo la Haki za Binadamu, uliitaja haki ya kila mtu ya kupumzika. Waliopigania mambo hayo walijua kwamba mwili uliochoka hauponi ukiwa kazini. Tiba ya ziwani huchukua wiki mbili au tatu. Asiye na likizo hana tiba hiyo, hata kama ziwa liko nyuma ya nyumba yake.

MAJI MATAMU YALIPOTAKA KULIUA ZIWA

Sasa turudi kwenye lile jambo tulilomwomba msomaji alikumbuke. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 Romania ilifanya kazi kubwa ya kumwagilia mashamba ya Dobrogea kwa maji ya Mto Danube. Nia ilikuwa njema: nchi kavu ilihitaji chakula. Lakini maji ya mashamba hayakai mashambani. Yalizama ardhini, yakateremka, yakaingia ziwani. Ziwa likajaa, na chumvi yake ikazimuliwa, mpaka mwishoni mwa karne ikawa chini ya gramu 60 kwa lita. Kwa mwogaji wa kawaida hakuna kilichobadilika. Kwa uduvi na mwani, nyumba yao ilikuwa inabomolewa. Na kwa mstaafu wa kesho, dawa yake ilikuwa inayeyushwa.

Katika miaka ya 1980 zilijengwa kuta za kuyazuia maji matamu yasifike katika sehemu kuu ya ziwa. Ndiyo maana leo ziwa lina sehemu ya maji matamu, sehemu ya maji ya chumvi kidogo, na sehemu ya chumvi kali ambayo ndiyo ya tiba. Mwaka 2006 Techirghiol liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zinazolindwa kimataifa, kwa kuwa bata na mabata bukini adimu wa nchi za baridi hukimbilia hapo wakati wa kipupwe.

Habari kama hiyo iko pia ndani ya nchi, katika milima ya Transilvania. Huko Sovata liko ziwa la chumvi liitwalo Ursu, lililotokea mwaka 1875 ardhi ya chumvi ilipodidimia. Ajabu yake ni kwamba maji ya juu ni ya kawaida, lakini kama meta moja au mbili chini yake ni ya moto. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia Sándor Kalecsinszky alieleza sababu. Vijito vya maji matamu hutandaza tabaka jepesi juu ya maji mazito ya chumvi. Jua hupenya na kuyapasha moto maji ya chini. Na tabaka la juu hukaa kama blanketi, joto lisitoke. Watu wakioga wengi mno blanketi hilo huvurugika. Kwa sababu hiyo kuoga husimamishwa kila siku saa za mchana ili ziwa lipumzike. Tazameni: hata ziwa lina saa zake za mapumziko, na saa hizo huheshimiwa.

Jirani na Sovata uko mgodi wa chumvi wa Praid, ambamo wagonjwa wa pumu na wengine wenye shida ya kupumua walikuwa wakishuka chini ya ardhi kukaa katika hewa ya chumvi. Mwezi Mei 2025 maji ya kijito cha Corund yalipasua njia, yakaingia mgodini na kuujaza. Wachimbaji walipoteza kazi yao, wagonjwa wakapoteza mahali pao, na chumvi iliyoyeyuka ikaingia katika mto wa Târnava Mică, ikaharibu maji ya kunywa ya wakazi walioko chini ya mto. Maji yale yale yaliyoachwa bila ulinzi yaliwaumiza kwa pamoja mfanyakazi, mgonjwa na mwananchi aliyekuwa kwake hana habari.

Mambo haya matatu yanasema neno moja. Dawa ya asili ni mali ya umma inayoweza kufa. Haiuawi na adui. Huuawa na mpango mzuri wa idara moja uliofanywa bila ya kuiuliza idara nyingine.

NA MAZIWA YETU JE?

Msomaji wa Afrika ya Mashariki atauliza: nasi tunayo maziwa ya chumvi, mbona hatuendi kuoga? Jibu la kwanza ni kwamba chumvi si moja. Ziwa Natron lililoko Tanzania na Ziwa Magadi lililoko Kenya yamejaa magadi, si chumvi ya mezani. Maji ya namna hiyo ni makali, huunguza macho na kuchoma ngozi yenye jeraha. Kweli wako watu wanaojikalisha katika chemchemi za moto kusini ya Ziwa Magadi wakitafuta nafuu ya viungo. Lakini haifai mtu akisoma habari za Techirghiol akakimbilia ziwa lolote lililo karibu naye. Kwanza aje mkemia na chupa yake, kisha daktari na kipimo chake, ndipo aje mwogaji.

Jibu la pili ni zito zaidi. Uganda liko Ziwa Katwe, ambako chumvi imekuwa ikivunwa kwa mikono vizazi na vizazi. Wanaume na wanawake husimama katika maji makali saa nyingi, siku baada ya siku, wakivunja na kukusanya chumvi. Ngozi zao hukauka na kupasuka, vidonda haviponi, na macho huwasha. Hawa hawako mapumzikoni. Hakuna anayewaambia watoke baada ya dakika 20, hakuna anayewamwagia maji safi, wala hakuna daktari anayewapima moyo kabla hawajaingia.

Kwa hiyo chumvi humstarehesha mmoja na kumchuna mwingine. Tofauti iko katika kipimo: muda, ulinzi, maji safi ya kujiosha, mapumziko, na daktari aliye karibu. Hivyo vyote si vitu vya maumbile. Ni vitu vinavyopatikana kwa sheria, kwa chama cha wafanyakazi kilicho macho, na kwa mwajiri anayelazimishwa kutimiza wajibu wake. Kwa mvunaji wa chumvi wa Katwe tiba ya kwanza ya asili ni viatu vya mpira, glavu, na zamu fupi.

Ndiyo maana tumeandika habari hizi. Hatutaki wananchi wetu waone wivu kwa matope ya Ulaya. Tunataka waulize maswali ambayo ziwa lile limeyauliza kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Fundi mwenye goti bovu anapokwenda zahanati, je, kuna mtu wa kumfundisha mazoezi, au anapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa kazini? Likizo iliyoandikwa katika sheria, je, inatolewa, au inanunuliwa kwa fedha kidogo kila mwaka mpaka mwili unavunjika? Mfuko unaokata mshahara wa mtu miaka yote, je, unamjua anapoumwa, au unamjua anapochanga tu? Na chemchemi na maziwa tuliyo nayo, nani anayeyapima, na nani anayeyalinda kabla ya bomba la mashamba au la kiwanda kufika hapo?

Maswali hayo yaulizwe katika mikutano ya matawi, na yaulizwe mahali pa kazi, kwa adabu lakini bila ya kuchoka. Mzee Tekir alikwama matopeni kwa bahati, akatoka kwa bahati. Mfanyakazi wa leo asiachiwe bahati.